Upanga wa Mfalme na Tezo ya Baba

Kila asubuhi Yuliana aliteka maji, akamkanda baba yake kifua kwa maji ya moto, kisha akashika njia ya shule. Pale Mtoni nani asiyemjua baba huyo, mzee Kasimiri, mchonga vinyago kutoka kusini? Sasa alikuwa mifupa mitupu kitandani.

"Mwanangu," alimwambia, "mpelekee mwanafunzi wangu Leonardi tezo yangu ya kuchongea. Sie kwetu fundi humkabidhi mwanafunzi wake tezo angali hai, na mwanafunzi huja kumshika mkono."

Yuliana aliichukua, akaificha nyuma ya gunia la mkaa. "Nimempa, baba," alisema.

Basi mzee akawa anamngoja Leonardi. Siku zikapita, hodi haikubishwa mlangoni. "Kijana amenidharau," alisema mwishowe, akageukia ukutani. Yuliana alisikia, moyo ukamuuma, lakini tezo akaiacha palepale nyuma ya gunia.

Shuleni, Mwalimu Revelian alikuwa akifafanua shairi refu la Kiingereza kuhusu mfalme wa kale. Mfalme yuko katika kukata roho, anamwamuru shujaa wake autupe upanga ziwani. Shujaa anauficha, kisha anamdanganya.

"Kwa nini aliuficha?" mwalimu aliuliza.

"Tamaa, mwalimu. Ulikuwa na vito," alijibu Genoveva.

Yuliana alisimama. "Si tamaa. Upanga ule ndio ufalme wenyewe. Akiutupa, amekubali kwamba mfalme anakufa." Hapo akaangua kilio mbele ya darasa zima.

Mwalimu alimtoa nje, akasikiliza yote. "Umejibu vyema," alisema. "Lakini mfalme hakupumzika mpaka alipoambiwa kweli. Nenda nyumbani sasa hivi."

Yuliana aliitoa tezo mafichoni, akampelekea Leonardi. Jioni ile Leonardi alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa fundi wake.

"Baba, nilikudanganya," Yuliana alisema. "Leonardi hana kosa."

Mzee alimgeukia kijana. "Nilikuonea bure," alisema, machozi yakimtoka.

Jumapili mzee alifariki. Yuliana alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu Revelian alipofika matangani, Yuliana alimsogelea.

"Mwalimu, nilitaka asife tu."

"Najua, mwanangu. Lakini mauti hayabembelezwi. Uongo wako haukumwongezea hata siku moja. Ulimnyima kijana wake, siku ambazo alimhitaji zaidi. Unayempenda mwambie kweli angali anakusikia."