Uunsi Kwenye Shati la Elkanah

Foleni ya ofisi ya msajili ilikuwa imefika hadi nje, na jua la Garissa halimwonei mtu huruma. Njambi alikuwa amekuja kuhakiki jina lake kwenye orodha ya mahafali ya Desemba. Alivaa dera la manjano na mtandio wa zambarau, kitambulisho cha chuo mkononi akijipepea. Mbele yake, watu watatu hivi, akaona kisogo. Kisogo alichokijua vizuri sana.

"Elkanah?"

Jamaa aligeuka, macho yakamtoka. "Njambi! Mpenzi wangu! Uko hapa?"

"Mimi nasoma hapa. Wewe ndiye umenipigia asubuhi ukaniambia uko Bura unasahihisha vitabu."

"Nilikuwa huko. Nimetoka. Nimekuja kuchukua chaki."

"Chaki kwa msajili?"

Ndiyo, chaki kwa msajili! Sijui kwa nini Mungu akimnyima mwanaume kipaji cha kudanganya, mwanaume huyo ndiye anayejaribu zaidi. Elkanah alikunja karatasi aliyoshika, lakini Njambi alikuwa ameshaisoma kwa juu: Ombi la Kuahirisha Muhula.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya rafiki."

"Rafiki gani?"

"Humjui."

"Miaka minne, Elkanah, na una rafiki nisiyemjua?"

Akamsogelea ili amtulize, na hapo ndipo alipojimaliza. Shati lake jeupe, lililopigwa pasi likanyooka, lilinukia uunsi, ule udi wa Kisomali ambao kina mama huupika nyumbani kwa sukari na manukato. Elkanah huyu, wa sabuni ya kipande! Njambi alirudi nyuma hatua moja. Foleni ikaendelea.

Mjue jambo lilivyokuwa. Wawili hawa walipatana kwamba wangehitimu pamoja Desemba, kisha wazee wa Elkanah wangetoka Kisii kwenda Karatina, kwao Njambi, kuleta posa. Mama yake Njambi alishasema waziwazi: digrii mbili mezani kwanza, ndipo wageni waingie. Elkanah akichelewa muhula mmoja, mahafali yake ni mwaka mwingine, na posa nayo mwaka mwingine. Mazoezi yake ya kufundisha Bura yaliisha Agosti. Chuo kilifunguliwa. Lakini kila wiki alikuwa na sababu ya kurudi Bura, na muda wa kuomba kuahirisha ulikuwa unaisha Ijumaa.

"Nieleze hiyo harufu," Fowsiya, mwenzake wa chumbani, alimwambia mchana ule.

Njambi akaeleza. Fowsiya, binti wa Wajir asiyejua kufunika neno, akapiga paja. "Walahi, Njambi, hiyo si ya kununua. Mtu amechukua shati, amelifukiza, amengoja moshi uingie. Hivyo ndivyo mama anavyomfanyia baba. Kuna mwanamke Bura."

"Usiniambie hivyo."

"Basi nisikuambie."

Jioni simu ililia.

"Laazizi, umekula?"

"Uko wapi, Elkanah?"

"Nimesharudi Bura. Usikasirike, nitakueleza yote Jumamosi."

"Jumamosi? Baada ya Ijumaa?"

Kabla hajajibu, sauti ya mwanamke ikasikika nyuma yake, laini, yenye mazoea na lafudhi ya Kisomali: "Mwalimu, chai inaboa!" Elkanah akasema, "Naja, naja," kisha akaaga haraka. Njambi alibaki ameshika simu, machozi yanamtoka kwa hasira. Chai inapoa! Yeye na mtandio wake alikuwa hajawahi kumpikia Elkanah chai hata siku moja, kwa sababu hosteli hairuhusu jiko.

Kesho yake, Jumanne asubuhi, alipanda Probox ya abiria ya Bura, amevaa gauni lake zuri kuliko yote, la kijani, na wanja juu. Kama ni kuachwa, aachwe amependeza.

Hakuna aliyehitaji kumwelekeza mara mbili. Nyumba ya mwalimu ilikuwa nyuma ya shule, ya mabati, ua umefagiwa. Uani alikaa mwanamke wa miaka hamsini hivi, guntiino, vazi la Kisomali, la maua limemzunguka vizuri, mbele yake chetezo kinafuka moshi. Juu ya chetezo, kwenye tenga la fito, shati la Elkanah.

Njambi hakusalimu. "Mama, wewe ni nani wa Elkanah?"

Yule mama alimpima kuanzia wanja hadi viatu. "Mimi Jumanne."

"Nimeuliza wewe ni nani wake."

"Nimesema. Mimi Arbia, mimi Jumanne. Lul ni Jumatatu. Jumatano ni Shamis. Wewe ni nani? Umekuja kuchukua mwalimu?"

Wanawake watatu! Njambi akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Arbia akaona machozi, na sauti yake ikabadilika.

"Abaayo, dada yangu, sikia. Mtoto yangu Ifrah iko kidato cha nne. Anataka kuwa nesi. Mwalimu wa kemia wa kwanza alienda likizo, hakurudi. Wa bili alienda mazishi, hakurudi. Huyu mazoezi ikaisha, sisi mama za watoto tukakaa chini. Tukasema, huyu tutambikia, tutamfulia, tutamfukizia nguo kama mtu wa nyumbani. Kila mama na siku yake. Mtu akitunzwa hafyo, ataenda wafi?"

"Na akija Garissa?"

Arbia akatazama kando, aibu kidogo. "Tunambatia shati moja. Zingine tunaweka. Atarudia nguo yake."

Njambi alianza kucheka huku analia. Aliposikia hatua alikuwa bado hajajifuta. Elkanah alisimama langoni, vumbi la chaki hadi viwikoni, amekonda kidogo licha ya mapishi yote ya zamu.

"Njambi."

"Ile chaki umepata?"

"Nisamehe. Mtihani wao ni Novemba. Nikirudi darasani kwetu, hawa watoto thelathini na mmoja wataingia chumba cha mtihani wakibahatisha. Nikibaki, nakosa Desemba, na mama yako..."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka niamue kwanza."

"Ukishaamua peke yako, mimi ni wa nini? Wa kuarifiwa?" Sauti ilimpanda. "Nimekesha usiku kucha nikikuzika, Elkanah! Nimekuwazia wake watatu!"

"Sina hata mmoja," alisema kwa unyonge. Akatoa fomu mfukoni. Haikuwa na sahihi. "Nimesimama kwenye dirisha la msajili mara mbili. Nimeshindwa. Naogopa kuwaacha, na naogopa kukupoteza wewe."

Arbia hakuwa akielewa kila neno, lakini alikuwa ameacha kupepea makaa.

Njambi alichukua simu, akapiga Karatina, akaweka spika. "Mama, Elkanah ana neno."

"Neno gani tena?" Mama yake alikuwa na shaka hata kabla ya salamu.

Elkanah akaeleza, akigugumiza, mpaka mwisho.

"Kwa hivyo unataka msichana wangu akungoje mwaka mzima?"

"Ndiyo, mama. Kama atakubali."

"Hilo siwezi kumjibia. Muulize mwenyewe."

Elkanah akamgeukia. "Utaningoja?"

"Hapana," Njambi alisema.

Uso wa kijana ulikufa papo hapo. Njambi akaichukua fomu, akaiweka juu ya goti lake mwenyewe, akamtolea kalamu kutoka mkobani, akamshikisha.

"Weka sahihi. Digrii yako iahirishe, hawa watoto wanakuhitaji. Lakini mimi siahirishwi. Desemba nitavaa joho langu, na Desemba hiyohiyo wazee wako watapanda gari kwenda kwetu. Digrii yako itatukuta tumeshaoana. Unanitaka au hunitaki?"

"Nakutaka," Elkanah alisema, akitia sahihi. "Nakutaka, Njambi."

"Njambi!" simu ikafoka. "Nimesikia! Na sharti langu je?"

"Nimelivunja, mama."

Kule Karatina ikasikika droo ikivutwa na kurasa za kalenda zikifunuliwa.

"Desemba tarehe ngapi?"