Mikunjo Miwili ya Kayaki

Jumamosi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kayaki ya upepo ilikutwa ukingoni mwa bwawa, imesinyaa kama puto la juzi. Kando yake binti wa miaka kumi na sita alikuwa anatapika maji. Alikuwa akivua katikati, pale mtu mzima hafikishi miguu, kayaki ikanywea yote mara moja. Kilichomwokoa ni jaketi la kuelea, na hilo mama yake alimvalisha kwa ugomvi.

Mama huyo ni fundi cherehani, wateja humwita Mama Pindo. Alipohakikisha mtoto anapumua vizuri, aliitupia kayaki begani, wakarudi nyumbani.

Nyumbani mumewe hakutaka kusikia la mtu.

"Ni kaka yako! Yeye ndiye aliyeichagua, yeye ndiye aliyeitumia kuvua Alhamisi. Ndoano zake zimetoboa, akanyamaza."

Mjomba mtu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Shemeji, mimi nimzamishe mpwa wangu?"

"Sijui. Ninachojua, kwangu usikanyage tena."

Mama Pindo akamshika mdogo wake huyo mkono. Wazazi wao walikwisha kufa, wamebaki wawili tu. "Nipe mpaka Jumatatu nijue kilichotokea," alimwambia mumewe. "Nikishindwa, mtoe."

Saa saba mchana alimwita Kinuno, jirani anayevua kwa kukaa ukingoni, maana Ijumaa alionekana akitoka stoo kwao.

"Uliingia?"

"Niliingia."

"Kufanya nini?"

"Kila siku mnatufukuzia samaki na lile puto lenu. Naliona linaning'inia humo limejaa upepo, tangu mlinunue halijakunjwa hata siku moja. Nikasema leo nilione kwa karibu."

"Ukalifanya nini?"

Kinuno akatazama chini. "Nililibonyeza kwa kidole. Kusema kweli, Mama Pindo, nililipenda."

Mjomba, pamoja na dhiki yake, alicheka.

Mama Pindo akaitandaza kayaki juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaijaza upepo kwa pampu, akaipaka maji ya sabuni kama wanavyofanya mafundi wa baiskeli. Povu likachemka sehemu moja tu: mkiani, kwenye ukingo wa stika yenye picha ya samaki. Akaikagua stika kwa miwani. Haikuwa na tundu.

"Ndoano haitoboi ndani ikaacha juu pazima," alisema. Akaibandua. Chini yake palikuwa na kiraka cha solusheni, ile ya kuzibia tairi, kimeachia kwa joto la jua.

"Basi kaka yako alitoboa, akaziba, akaficha," mumewe akasema.

"Dada, mimi hata tairi sijui kuziba!"

Mama Pindo alirudi mezani. Alitoa upepo, akapitisha kiganja juu ya kayaki polepole, kama anavyopitisha juu ya kitambaa cha mteja.

"Baba watoto, lete mkono. Mistari hii ni ya mkunjo wa mara tatu. Hii inayoikata ni ya mkunjo mwingine, wa mara nne. Mali ya kiwandani ina mkunjo mmoja. Ukiona miwili, kuna mtu ameifungua akairudisha. Sisi tumeikunja lini?"

Mumewe akaipapasa mistari yote kwa kidole.

Jumatatu saa nne asubuhi Mama Pindo, mumewe na mjomba walikuwa kwenye duka walikoinunua, pampu mkononi. Baba mmoja mwenye mapacha alikuwa anachagua kayaki ya kuvulia, na mbele yake mwenye duka ametandaza moja yenye stika ya samaki.

"Stika ya nini?" Mama Pindo aliuliza.

"Urembo tu, mama. Mali mpya hiyo."

"Nitolee nyingine, ya kwenye boksi ambalo halijafunguliwa."

"Mama, wewe mambo ya cherehani. Ya majini utayajulia wapi?"

"Nitolee."

Akaitoa. Mkunjo mmoja, bila stika. Mama Pindo akamgeukia yule baba. "Ndugu yangu, ya kwako hesabu mikunjo. Halafu mbandue samaki."

Yule baba akabandua. Kiraka kikaonekana. Akawavuta mapacha wake nyuma, akapiga simu polisi palepale.

Mwenye duka aliketi juu ya boksi. "Wateja wawili walizirudisha, zilichanwa na mawe," alisema. "Nikaona nikizitupa watu watasema nauza vitu vibovu. Nikaziba. Sikudhani zitaachia."

"Mwanangu alidhani ni nzima," Mama Pindo alisema. "Akakaa juu yake."

Polisi walipombeba na kayaki zake, watu waliokuwa wamejaa mlangoni wakampigia fundi cherehani makofi. Mumewe alimsogelea mjomba mtu.

"Shemeji, nimekukosea. Mbele ya hawa wote nasema."

"Sema kwa sauti, Kinuno kule bwawani hajasikia!"

"Nimekukosea!"

"Basi beba pampu, twende duka jingine."

Huko walimwachia Mama Pindo achague, nawe mzazi unayesoma uchague hivyohivyo: alikataa yenye chumba kimoja cha upepo, akataka yenye vitatu, kimoja kikitoboka viwili vinabaki. Alivuta kila mshono. Aliijaza upepo mbele ya muuzaji, akaketi juu yake katikati ya duka nusu saa nzima, mkoba mapajani.

"Mama, hujaridhika tu?" muuzaji aliuliza.

"Bado," alisema, akampa kaka yake kasia. "Panda mbele, mdogo wangu. Tuone ikibeba wawili."