Alama Nyekundu Ukutani

Soko la Nachingwea lilikuwa limefurika siku Shamimu alipokuwa akirudi kinyumenyume, macho juu kwenye roshani ya ghorofa kuukuu, akamkanyaga fundi Saburi mguu.

"Dada, mguu una mwenyewe!"

"Samahani, kaka. Hizi nguzo zimenipumbaza."

Shamimu, mwenye hijabu ya samawati na futikamba mkononi, alikuwa mtaalamu wa majengo kutoka Ruangwa. Alikuja kukagua ghorofa hilo, linalolindwa kisheria kwa ukale wake. Chini yake Saburi alikuwa na karakana ya useremala. Siku hiyo alimtembeza: kuta nene za mawe na chokaa, matundu ya hewa juu ya madirisha, ngazi ya mninga iliyolalamika kila walipokanyaga. Baada ya miezi miwili walikuwa wanapigiana simu kila adhuhuri.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo! Nenda kale."

Asubuhi moja Saburi alirudi kutoka Chiola alikolala, akakuta X kubwa nyekundu kwenye ukuta wa nyuma wa karakana, ulioongezwa baadaye nje ya nguzo za ghorofa.

"Wanabomoa," alisema Mama Mwamina, muuza ufuta. "Na aliyechora ni huyo mchumba wako, jana jioni. Nimemwona kwa macho yangu."

Saburi alipiga simu. "Shamimu, kumbe ulikuwa unanichimba?"

"Nisikilize kwanza, huo ukuta—"

Akakata, akazima simu.

Shamimu, akiwa Ruangwa, alipiga mara kumi na moja. Hapatikani. Wingu zito lilikuwa linaelekea Nachingwea. Akapanda bodaboda, akamhimiza dereva njia nzima.

Alimkuta Saburi ndani, akikusanya mbao zake kando ya ukuta uleule. Mvua ilikuwa inamwagika.

"Saburi, toka!"

"Niziache mbao? Si mnabomoa?"

"Hakuna anayebomoa! Ukuta umepasuka msingi. Niliweka alama mafundi wauone, nikapanga kukueleza adhuhuri, nikasahau X inavyotisha watu. Toka, nakuomba!"

Saburi alimtazama: hijabu imelowa, viatu tope tupu. Akatupa mbao, akatoka. Hawajamaliza kuvuka barabara, ukuta wa nyuma ukaporomoka juu ya benchi lake. Ghorofa lenyewe lilibaki limesimama.

"Ningekuwa pale..."

"Usiseme." Shamimu alimshika mkono, hakuuachia.

Saburi akamgeukia. "Shamimu, posa naipeleka kwa nani?"

"Kwa baba mdogo, kule Chunyu," alijibu akilia. "Na ufike mzima."