Swali Lililolala Katika Kibonde cha Shasha

Asubuhi za Nyabiondo, kwenye milima ya Kivu, huanza na ukungu. Mlima wa pili hauonekani, kuku bado wanasitasita kutoka, lakini Mama Emérence ameshaketi mlangoni na ungo wake wa maharagwe. Anapepeta, anachagua, anatupa mawe pembeni. Kila akitupa jiwe humtazama mwanawe Raphaël, kana kwamba naye yumo kwenye ungo.

Raphaël alikuwa amerudi likizo. Ulikuwa mwaka wa 1968. Alisoma jiografia katika chuo kikuu, mbali kule Kinshasa, na alibakiza mwaka mmoja amalize. Lakini hakuna aliyemaliza pale bila kuandika mémoire. Mémoire ni kitabu cha mwanafunzi mwenyewe. Anachagua swali, analitafutia jibu, anaandika alivyolipata, kisha anakitetea kitabu chake mbele ya walimu. Na kabla ya kuandika lolote, lazima alete mpango.

Mpango wa kwanza wa Raphaël ulikuwa umekataliwa. Mwalimu wake alimwambia alete mwingine likizo ikiisha. Ukikataliwa na huo, asingeingia mwaka wa mwisho. Angerudi Nyabiondo kushika jembe, na mlima mzima ungeuliza kulikoni.

"Na ule mupango, ulikuwa unasema nini?" mama yake aliuliza.

"Ulikuwa juu ya dini, mizimu na mazuku. Katika Kivu yote, mama."

"Kivu yote?"

"Yote."

"Na miguu yako iko mbili tu," alisema mama, akaendelea kupepeta.

Mazuku ni neno ambalo watu wa huko hulitaja kwa sauti ya chini. Upande wa ziwa, karibu na Sake na Shasha, kuna vibonde, mabonde madogo, vyenye majani mabichi ya kupendeza. Mbuzi akiingia humo asubuhi, hatoki. Ndege akitua, haruki tena. Hakuna damu, hakuna jeraha, hakuna alama ya nyoka. Mazuku, watu husema. Upepo mbaya.

Raphaël hakukaa bure likizoni. Alipanda malori ya viazi, akatembea kijiji kwa kijiji, akauliza watu. Lakini sasa alikuwa na hofu, na hofu yenyewe aliona haya kuisema. Siku hiyo aliisema.

"Mama, kuna kintu kinaniogopesha. Kila mahali nilifika, jibu ilikuwa moja. Wazee, wamama, wavuvi. Bantu hawajuani. Wote walinijibu: 'Njo vile, mizimu njo inaua bantu pale.' Maneno ile ile. Sauti ile ile. Ni kama muntu mumoja ananitangulia, anaingia mu nyumba mbele yangu, kisha ananijibu kwa kinywa ya mwenye nyumba."

Njo vile, yaani ndivyo hivyo, ni jibu la kila siku huko. Mama Emérence aliuweka ungo chini.

"Hata shangazi yako Sidonie, kule Shasha?"

"Hata yeye. Akajibu vile, kisha akaangalia ukuta."

 Sidonie alikuwa dada ya marehemu mume wa Mama Emérence, na mama alimjua vizuri. Sidonie hakuwa mtu wa kujibu kwa sentensi moja.

"Enda Masisi," alisema mwishowe. "Enda kwa Papa Polycarpe. Yeye alipita mu njia ile, alirudi na diplome. Usikae na hii kintu peke yako."

Papa Polycarpe alizaliwa mlima huohuo wa Nyabiondo. Alikuwa amemaliza chuo miaka michache iliyotangulia, na sasa alifundisha katika shule ya sekondari ya Masisi. Raphaël alikwenda kwa miguu. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Ng'ombe walijitokeza mbele yake mmoja mmoja bila mlio, wakamtazama, wakamezwa tena. Mara mbili tatu aligeuka kuona nani anamfuata. Hakukuwa na mtu, na jambo hilo halikumtuliza hata kidogo.

Papa Polycarpe alimpokea kwa maziwa ya moto, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Uliwauliza namna gani?" aliuliza. "Niambie vile vile ulisema."

"Niliuliza: 'Ni mizimu njo inaua bantu pale, njo vile?'"

"Ngoja." Papa Polycarpe aligeukia upande wa jikoni, ambako mke wake Adelaïde alikuwa akisonga bugali. "Mama Adelaïde, leo mvua itanyesha, njo vile?"

"Njo vile, papa," Adelaïde alijibu.

Wanaume wakanywa maziwa. Baada ya muda Papa Polycarpe akaita tena.

"Mama Adelaïde, leo mvua haitanyesha, njo vile?"

"Njo vile, papa."

Raphaël alianza kucheka, akaacha. Alielewa. Aliyekuwa anamtangulia katika kila nyumba ni yeye mwenyewe.

"Kwetu hatubishe mugeni," Papa Polycarpe alisema. "Zaidi mugeni wa chuo, mwenye kalamu na viatu. Weye ulikuja na jibu mu mufuko, ukawapa, wakakurudishia kwa heshima. Haukukusanya kintu. Ulijikusanya weye mwenyewe."

"Sasa nifanye nini? Likizo inaenda."

"Kwanza, punguza. Mémoire haiko kitabu ya kumaliza maneno ya dunia. Iko jibu ya swali moja. Chagua swali yenye unaweza kujibu kwa miguu yako, kwa macho yako, kwa wakati wenye uko nao. Kivu yote, acha. Chagua fasi moja."

"Shasha," alisema Raphaël. Neno lilitoka kabla hajalifikiria.

"Muzuri. Uko na jamaa kule. Pili, soma kabla ya kuandika. Watu wa volcan walisha kuandika juu ya mazuku. Wanasema ni gaz inatoka chini ya udongo. Haina harufu, haina rangi. Iko nzito kushinda hewa yetu, njo maana inalala mu vibonde. Muntu akisimama, anapumua. Akiinama, anakunywa ile gaz, anaanguka. Vitabu viko kwa ba père wa misioni, vingine viko hapa kwangu. Usichukue miezi kutafuta kintu chenye wengine walisha kupata."

"Kama walisha kupata, mimi nitaandika nini?"

"Njo swali ya muntu mwenye akili. Walipima ile gaz. Hawakukaa na bantu. Inajaa saa gani? Baada ya mvua ao baada ya upepo? Na bantu wa Shasha wanajikinga namna gani, kila siku? Hiyo haiko mu kitabu yoyote."

Raphaël alianza kuandika. Papa Polycarpe alimzuia mkono.

"Ngojea. Tatu njo ngumu. Usiulize muntu anaamini nini. Muulize: nini ilipita, nini ilitokea? Kisha nyamaza. Nyamaza hata kama inakuuma. Na kule kwenye kibonde, usishuke. Omba ruhusa kwa chef wa kijiji, enda na mwenyeji, chukua taa, uifunge kwenye ufito murefu wa kushika kwa mukono. Mémoire ya muntu amekufa, hakuna mwenye kuitetea."

Raphaël alisoma vitabu vile kwa wiki nzima, kisha akashuka Shasha. Safari hii hakumwuliza shangazi yake kitu. Alimsaidia kumenya muhogo. Alimsaidia kufunga mbuzi. Aliona kwamba Shangazi Sidonie hakufungua mbuzi asubuhi mpaka jua lipige juu ya paa na majani ya migomba yaanze kucheza. Majani yakitulia, hata kama jua limepanda, mbuzi walibaki kambani. Hakuna aliyemwambia jambo hilo alipozunguka mara ya kwanza. Hakuwa ameuliza.

Chef wa kijiji alikubali. Asubuhi moja isiyo na upepo Shangazi Sidonie mwenyewe alijifunga kitenge na kusema, "Twende. Lakini unasimama fasi ninasimama."

Kibonde kilikuwa nyuma ya mashamba, si mbali. Walipokaribia, sauti zilipungua. Kwanza ndege, kisha nzi, mwisho hata majani. Raphaël alichungulia kutoka ukingoni. Chini palikuwa pazuri kuliko shamba lolote la Shasha. Majani yalikuwa marefu, ya kijani iliyokolea, na vipepeo wengi walikuwa wametua juu yake. Hakuna kipepeo aliyepiga bawa. Katikati alilala mbwa, kichwa juu ya miguu, macho wazi, kama anayengoja mwenye nyumba atoke. Mwili wake haukuwa na jeraha. Haukuwa na nzi hata mmoja.

Raphaël alitoa taa na ufito mrefu aliokuja nao. Aliifunga taa kwenye ncha ya ufito, akaiwasha, akaishusha polepole. Mwali ulikuwa mzima. Ukashuka, ukawa mzima. Ulipofika chini, usawa wa goti la mtu, ulijikunja, ukainamia upande mmoja, ukazimika. Haukuvuma upepo wowote. Ilikuwa kana kwamba mtu asiyeonekana ameweka vidole viwili kwenye utambi.

Akaiwasha tena. Ikazimika palepale.

Akatoa kalamu aandike, ikamponyoka, ikabingirika hadi kwenye majani ya ukingo. Haikuwa mbali. Raphaël akapiga goti, akanyoosha mkono, akainamisha kichwa. Kifua kikamwambia avute pumzi, na pumzi haikumpa kitu. Masikio yakaanza kulia.

Mkono ukamkamata kwenye kola na kumvuta nyuma kwa nguvu.

"Usiiname," Shangazi Sidonie alisema. "Usiiname. Yeye aliinama."

Walikaa mbali kidogo, kwenye mawe, mpaka Raphaël akaweza kupumua. Alikuwa na maswali kumi mdomoni. Akakumbuka. Akauliza moja.

"Shangazi, nini ilipita hapa?"

Kisha akanyamaza. Ilimuuma kweli, kwa sababu shangazi yake alianza kulia bila sauti, na kila kitu ndani yake kilitaka kumwambia basi, yaishe. Lakini alingoja.

"Bwana yangu Théophile," alisema mwishowe. "Asubuhi kama hii. Mbuzi ilikata kamba. Tulikuwa tumegombana. Nikamwambia: 'Enda, usirudi bila ile mbuzi.' Alienda." Akajifuta kwa kitenge. "Mbuzi haikurudi. Yeye hakurudi. Alinisikia kabisa, Raphaël. Kinywa yangu njo ilimuua. Na weye ulipokuja kuuliza kama ni mizimu, nikasema njo vile. Ilikuwa mwepesi kushinda kusema ni mimi."

Raphaël alilia naye. Hakuandika neno siku hiyo.

Yaliyofuata yalikuwa kazi, na kazi nzuri haina mengi ya kusimulia. Alirudi kwa Papa Polycarpe na swali moja: hewa mbaya hujaa lini katika kibonde cha Shasha, na wenyeji hujikinga vipi? Chini yake aliandika ameshasoma nini, atafanya nini, wapi, pamoja na nani, na katika miezi gani. Papa Polycarpe alimwongezea jambo moja: aandike pia asichokusudia kufanya. Asingeandika juu ya Kivu yote. Asingeandika juu ya dini za watu. Mpango ulienea kwenye kurasa chache, na mwalimu wake kule Kinshasa aliusoma akiwa amesimama. Akaukubali.

Likizo iliyofuata Raphaël aliishi Shasha. Asubuhi na mchana, siku za mvua na siku za upepo, alishusha taa yake, daima pamoja na mwenyeji, na kuandika mahali mwali ulipozimika. Watu walipomzoea walianza kumweleza mambo wenyewe. Mmoja alijua kwamba hewa hiyo hujaa zaidi baada ya mvua. Mwingine alikosea, na taa ikaonyesha alivyokosea, wakacheka wote. Chef akaamuru kibonde kizungushiwe miti iliyopakwa chokaa, na mbuzi wasifunguliwe kabla majani ya migomba hayajaanza kucheza. Msimu huo hakuna mbuzi aliyepotea. Hakuna mtu pia.

Raphaël aliitetea mémoire yake, akafaulu. Alipopata nafasi ya kurudi, alipitia Shasha kabla hata hajamwona mama yake. Alimsomea shangazi ukurasa unaoeleza mwali unaozimika usawa wa goti, na mtu anayeinama asinyanyuke tena.

Sidonie alisikiliza, mikono mapajani.

"Kama singemugombeza?"

"Ile gaz haina masikio, shangazi. Mbuzi ilikuwa chini. Kuichukua, lazima muntu ainame. Hata ungemuaga na maneno ya upendo, angeinama."

 Sidonie akasimama, akajifunga kitenge, akaomba taa.

Walifika kwenye miti ya chokaa. Asubuhi ilikuwa imetulia, na ule ukimya ulikuwepo, na majani yalikuwa mabichi vilevile. Safari hii Sidonie mwenyewe aliushika ufito mrefu. Alisimama wima, akaishusha taa polepole, akiufuata mwali kwa macho. Mwali ukashuka, ukajikunja, ukainama, ukazimika.

Aliutazama moshi mdogo mpaka ukaisha.

"Kumbe njo weye ulimuua," aliuambia ule utupu.

Akamrudishia Raphaël ufito, na wakarudi nyumbani kungoja jua ili wawafungue mbuzi.