Mboji za Murchadh

"Weka chini hicho kikapu, Murchadh. Nataka tuongee."

"Ngoja nimalize safu hii."

"Umekuwa ukimaliza safu hiyo kwa miaka miwili."

Murchadh hakuinua kichwa. Aliendelea kupanga matofali ya mboji, yale meusi yanayokatwa kinamasini majira ya kuchipua na kukaushwa na upepo, ndiyo kuni za kisiwa cha Lewis, kule Uskoti, tangu enzi za mababu. Aliyapanga kwa kuyalaza upande upande ili mvua iteleze, akirudi nyuma kila mara kutazama kama ukuta umenyooka. Katika upande wote wa magharibi hakuna aliyekuwa na lundo zuri kama hilo, na lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Dolina na baba yake, Mzee Aonghas.

Dolina aliegemea geti, barua mkononi.

"Nimepata kazi Glasgow," alisema. "Hospitali kubwa. Wanataka jibu Jumatatu."

Tofali moja lilimponyoka Murchadh, likavunjika vipande viwili.

"Ni kazi nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi hongera."

"Sikuja kutafuta hongera. Nimekuja kukuuliza swali moja. Niende, au nibaki?"

Murchadh aliokota vile vipande, akaviunganisha kama mtu anayetaka kuponya mfupa.

"Mimi nani wa kukuambia ubaki, Dolina? Baada ya yale niliyokufanyia?"

"Wewe ndiye ninayekupenda. Hiyo haitoshi?"

"Bado," alisema kwa sauti ya chini. "Bado sijafika. Nipe muda kidogo."

Akanyanyua kikapu, akarudi kwenye safu yake. Hata kikombe cha chai alichopelekewa alikinywea palepale getini, kwa sababu tangu arudi kisiwani hakuwahi kuvuka mlango wa nyumba ile.

Sasa msomaji asije akadhani huyu bwana ni mwendawazimu. Yale aliyoyafanya yalikuwa makubwa. Miaka minne nyuma, siku tatu kabla ya harusi yao, wanawake wa kijiji walikuwa wameshakusanyika ghalani kwa Mzee Aonghas kunyonyoa kuku wa karamu, kama ilivyo desturi. Kuku arobaini walikuwa wameshalala uchi mezani, na mashangazi wameshaanza nyimbo, simu ya Dolina ilipolia. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Nisamehe. Siwezi. Nitakuwa kama baba yangu." Marehemu baba yake Murchadh alikuwa mlevi aliyemaliza nyumba yake kwa chupa, na Murchadh mwenyewe alikuwa ameshaanza kuionja njia ile. Meli ya asubuhi ikamchukua. Dolina na baba yake walikula supu ya kuku mpaka wakaichukia.

Alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, hanywi tena. Tangu hapo kila Jumamosi aliendesha maili nane kutoka kijijini kwao, akiacha mashine yake ya kufumia vitambaa vya sufu, aje kutumika. Alipaka rangi lile geti. Aliziba paa la ghala. Alileta samaki. Na mboji ndiyo usiseme; wiki hii alikuja hata Jumatano kwa ajili yake.

Jioni ile Dolina akiosha vyombo, simu ilitikisika mezani. Alikuwa Murchadh.

"Nimesahau kukuambia. Safu ya mwisho nitaimalizia Jumamosi. Kesho ni siku ya kufunga."

Dolina alifuta mikono, akajibu: "Najua kesho ni siku gani. Wewe unajua nimekuuliza nini?"

Alama ya kuandika ilionekana, ikapotea, ikaonekana tena. Hatimaye neno likaja moja: "Najua."

Wiki ile ilikuwa ya Meza ya Bwana, ushirika mtakatifu wa mkate na divai, ambayo kisiwani haiji na Jumapili peke yake. Inaanza Alhamisi kwa kufunga na kuishia Jumatatu kwa shukrani, na nyumba zote zinajaa wageni kutoka parokia nyingine. Ijumaa ndiyo Siku ya Swali. Mzee mmoja husimama katikati ya kanisa, akauliza: mtu anayestahili kuikaribia Meza tutamjuaje? Kisha wanaume wazima huitwa mmoja mmoja wajibu. Wengi huzaliwa, huzeeka na kuzikwa bila kuionja Meza hiyo hata mara moja. Si kwamba hawaamini. Wanajiona hawajafika. Murchadh alikuwa mmoja wao, anakaa kiti cha nyuma kabisa tangu utoto, na kofia yake magotini.

Ijumaa hiyo aliitwa Mzee Aonghas. Alisimama polepole, akishika kiti cha mbele, kwa kuwa mapafu yake hayakuwa mazuri.

"Nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na sita," alisema. "Mnadhani ninaletaga nini pale Mezani? Siletagi kitu. Naleta njaa. Mlango wa Mungu haufunguliwi kwa sababu ya mzigo ulioubeba begani. Unafunguliwa kwa sababu mwenye nyumba anakupenda. Imani ni kuvuka kizingiti tu. Kazi zipo nyingi, lakini zote ziko ndani ya nyumba, baada ya kukaribishwa. Getini hakuna kazi."

Akakaa. Dolina aligeuka, akamwona Murchadh kule nyuma ameinamia kofia yake.

Kwenye gari, kabla ya kurudi nyumbani, Dolina hakuwasha injini mara moja.

"Baba, umesema vizuri."

"Ni neema ya Mungu, mwanangu."

"Umesema getini hakuna kazi."

"Nimesema hivyo."

"Na Murchadh je?"

Mzee Aonghas alikohoa, na safari hii hakikuwa kikohozi cha mapafu.

"Tunamdanganya, baba."

"Mimi sijawahi kumdanganya mtu. Aliponiuliza mbona dohani letu halitoi moshi, nilimwambia leo hakuna baridi. Na kweli hapakuwa na baridi."

"Baba."

Mzee alitazama nje, kondoo wanavyovuka barabara bila haraka.

"Nilimwonea huruma," alisema. "Mtu amejitoa hivyo, utamwambiaje? Lakini umenishika pabaya. Mwambie."

"Nitamwambia kesho. Ila mimi sikunyamaza kwa huruma."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Nitamwambia yeye."

Jumamosi Murchadh alifika na ndoo ya vibua. Ibada ya mchana ilikuwa imekwisha, na Mzee Aonghas alikuwa barazani akimenya viazi vya Jumapili, maana Jumapili kisu hakiguswi. Dolina alimpokea ndoo, akaiweka chini, akamshika mkono.

"Ingia ndani."

"Nina matope."

"Sijakuuliza habari za matope. Ingia, kuna kitu nataka ukione."

"Dolina, nimekuambia bado..."

"Murchadh," alisema Mzee Aonghas bila kuacha kiazi chake, "ukibishana na huyu utakesha. Mimi nimejaribu miaka thelathini na moja."

Akavutwa, akavuka kizingiti. Alisimama jikoni, kichwa chini kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, na kwa muda hakuona kitu. Kisha macho yakaanza kutembea. Meza ileile, saa ileile ukutani. Mahali pa jiko la mboji, lile jiko kubwa la chuma alilolikumbuka, palikuwa na kabati la sahani. Pembeni yake kulikuwa na hita ya umeme, ndogo kuliko hata ile ndoo ya vibua.

"Jiko liko wapi?"

"Tuliling'oa. Daktari alimkataza baba moshi. Mwezi mmoja kabla hujarudi."

"Kabla sijarudi?"

"Kabla."

"Lakini mboji..."

"Hatujachoma hata tofali moja, Murchadh. Hata moja."

Alitafuta kiti, akakaa. Dolina alitamani acheke, au apige kelele, chochote kuliko ule uso.

"Zimekwenda wapi?"

"Kwa Bi Seonag, na kwa wajane wa barabara ya juu. Wanaota moto kila jioni wanakuombea, kwa hiyo usiseme zimepotea bure. Zimewapasha moto. Ila mimi na wewe hazijatupatanisha hata kidogo, kwa sababu hatukuwa tumegombana."

"Mlikuwa mnanicheka."

"Hakuna aliyecheka. Nitazame. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nilijiambia, akijua hazihitajiki hatakuwa na sababu ya kuja, na mimi Jumamosi bila wewe siitaki. Hilo ni kosa langu, na ninakuomba msamaha."

Murchadh alifungua viganja vyake akavitazama. Vilikuwa vimejaa sugu za jembe la mboji.

"Ulinisamehe lini?"

"Siku uliyorudi. Ulisimama pale getini, mvua inakunyeshea. Hukuwa na mboji wala samaki wala brashi ya rangi. Hukuwa na kitu."

"Hata neno sikuweza kusema."

"Ulisema 'Dolina'. Lilitosha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu. Kila mara ulisema, ngoja nimalize safu."

Machozi yalimtoka Murchadh na hakuyafuta. Alisimama, akagusa kabati la sahani kwa kidole kama anayehakikisha ni mbao kweli. Kisha akatoka. Alimpita Mzee Aonghas barazani bila salamu, akaingia garini, akaondoka.

Dolina alibaki mlangoni ameshika ile ndoo.

"Ameondoka, baba."

"Nimeona."

"Safari ile nyingine pia aliondoka hivihivi."

Mzee Aonghas aliweka kisu chini, akamvuta mwanawe akae kando yake.

"Safari ile alikuwa anakukimbia," alisema. "Leo sijui. Nipe mkono wako. Nipe na hicho kiazi."

Walimenya pamoja bila kusema mengi. Saa kumi na moja mzee alivaa koti lake jeusi, akaenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa, ambao hukaa Jumamosi kuwasikiliza wanaotaka kuikaribia Meza kwa mara ya kwanza. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Kuna nini, baba?"

"Mambo ya kikao hayatoki nje, mwanangu. Weka viazi kwenye maji."

Dolina alitazama simu mpaka alipolala. Haikulia.

Jumapili meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe mbele ya kanisa. Dolina alikuwa ameshakaa mezani na wenzake. Zaburi ikaanza, ile polepole ya kisiwani, mmoja akiongoza mstari na wengine wakiupokea kila mtu kwa mawimbi yake, ili wanaotoka vitini wapate muda wa kutembea. Watu huchelewa kutoka. Inasemekana miguu huwa mizito sana katika hatua zile.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa mtu alisimama.

Dolina hakugeuka, maana si adabu, lakini alizisikia nyayo, na nyayo zile alizijua. Kila Jumamosi alizisikia zikija mpaka getini na kukomea hapo. Leo hazikukoma. Zilipita viti vya kati, zikapita viti vya mbele, zikafika kwa mzee wa kanisa aliyesimama kupokea vibati, vile vipande vidogo vya metali wanavyopewa waliokubaliwa Mezani. Mzee wa zamu alikuwa Aonghas. Murchadh aliweka kibati chake katika kiganja cha yule mzee.

Akakaa ng'ambo ya meza, mkabala na Dolina. Mkate ulipomfikia, aliupokea.

Jumatatu, baada ya ibada ya shukrani, Dolina aliketi jikoni na barua ya Glasgow. Alikuwa ameshaandika majibu mawili, moja la kukubali na moja la kukataa, yote yapo kwenye simu, yanangoja kidole. Alifurahi kwa ajili ya Murchadh, hilo alimwambia Mungu asubuhi kwa moyo wote. Ila mtu anaweza kupatana na Mungu na asirudi kwako.

Mlango ukabishwa. Si geti. Mlango.

Alifungua. Murchadh alikuwa amesimama kizingitini, amenyoa, shati safi, mikono imening'inia kama hajui aiweke wapi.

"Gari liko wapi?" Dolina aliuliza.

"Nimeliacha barabarani. Hakuna cha kupakua."

"Na jana nilikusikia ukitembea. Sikuamini."

"Hata mimi. Dolina, pale kikaoni baba yako ndiye aliyeniuliza. Kanikazia macho, kasema, kijana, umekuja na nini? Nikaanza kutafuta cha kusema. Nikakumbuka lile kabati la sahani. Miaka miwili naleta kuni kwenye nyumba isiyo na jiko, na bado mnanipa chai. Nikamwambia, Mzee, sijaja na kitu."

"Akasemaje?"

"Aliingiza mkono mfukoni. Kisha akanipa kibati."

Dolina aliuma mdomo ili asilie mapema.

"Na hapa je?" aliuliza. "Hapa umekuja na nini?"

Murchadh alinyoosha mikono, akaigeuza viganja juu. Sugu zilikuwapo, lakini hakukuwa na kingine.

"Sijaja na kitu. Sina ninachoweza kukulipa, na siahidi kwamba sitaogopa tena. Nataka tu unioe, kama unanitaka."

"Wanaume ndio wanaooa, Murchadh."

"Basi nikuoe. Nimechanganyikiwa."

Kutoka chumbani sauti ya Mzee Aonghas ilisikika, na kikohozi nyuma yake.

"Mwambie aingie, anatupotezea joto. Na safari hii kuku wasinyonyolewe mpaka asubuhi ya harusi yenyewe."

Dolina alicheka huku analia. Akachukua simu, akafuta jibu la kukubali, akatuma lile la kukataa. Kisha akasogea kando kumpa njia.

"Ingia," alisema.

Akaingia.