Nyayo za Kushuka

Gulfaraz alipozinduka kwenye kiti chake, kibanda cha walinzi kilikuwa kinanuka hina mbichi. Mwanamke gani kaingia humu? Mlangoni alikuta kopo la chakula kutoka kwa binti yake Mehnaz, mikate ya roti na mboga ya majani ya haradali, bado vya moto. Kumbe alikuja, akamkuta baba amelala, akaona amwache. Na baba huyo alikuwa wa kuonewa huruma kweli: miaka ishirini na miwili analinda mdomo wa njia ya milima ya Margalla, magoti yamekwisha, na Islamabad nzima inampita kwenda kupunguza vitambi.

Kila alasiri Mehnaz akishaacha chakula hurudi mjini kwa njia ya baiskeli iliyo chini ya msitu. Leo Gulfaraz aliiona baiskeli yake huko juu, kwenye kona ya kwanza ya njia ya miguu, imeegemezwa msonobari. Akapanda, huku akiguna kila hatua. Hapo alimkuta Sajawal, mpaka rangi wa alama za njia, ameinamia matope ya mvua ya mchana.

"Umemwona Mehnaz?"

"Sijamwona, Ami. Ila kapanda huku, ona viatu vyake." Sajawal akashusha sauti. "Na kuna mama kashuka pekupeku. Lazima wamepishana."

"Pekupeku na baridi hii?"

"Matajiri hao. Daktari kawaambia matope ni dawa. Tumfuate tumuulize."

Nyayo zile ndogo za pekupeku zilishuka kwa njia ya mkato. Wakazifuata taratibu, kwa sababu ya magoti, mpaka nyuma ya kibanda, mpaka ndani, mpaka mbele ya kiti cha Gulfaraz. Hapo zikakoma.

"Kaingia, hakutoka," Sajawal alinong'ona. "Na humu hamna mtu."

Gulfaraz aliinama, akazitazama tena, vidole na visigino.

"Hakuingia," akasema. "Alitokea hapa."

Pichal Peri, jini wa kike mwenye miguu iliyogeuka nyuma, ambaye akipanda nyayo zake husema kashuka, hakuna mtoto wa pale asiyemjua. Gulfaraz mwenyewe alikuwa akimtumia kuwatisha wapenzi waliojificha vichakani. Leo, kwa uzembe wa uchovu, alikuwa amezifuata nyayo zake kurudi alikotoka, na muda wote huo jini huyo alikuwa akipanda na Mehnaz.

Sajawal alianza Ayatul Kursi, akakosea katikati, akaanza upya. Hakutaka kutoka. Gulfaraz akapanda peke yake, akaipita baiskeli, akazipita alama nyekundu zilizokuwa bado mbichi, anaita "Mehnaz!" na ukungu unamrudishia jina hilo kwa sauti nyembamba kuliko yake, na njuga za miguuni zinalia mbele kidogo tu, zinanyamaza akisimama na kulia tena akienda, na ile harufu ya hina inazidi kila kona, na bado anapanda, maana alikuwa na mtoto mmoja tu duniani.

Kwenye chemchemi, nyayo za pekupeku ziliishia majini. Za viatu vya Mehnaz ziliendelea, lakini sasa zilielekea kwake, zinashuka. Alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akakumbuka kwamba hakupishana na mtu.

Mbele kidogo alimkuta Mehnaz amekaa juu ya jiwe, viganja vyekundu kwa hina.

"Baba," alisema, na sauti ilikuwa yake. "Nimechoka. Nibebe."

Gulfaraz alichuchumaa, akampa mgongo. Miguu ilipomzunguka kiunoni, aliona visigino vya viatu vimetangulia mbele. Akajua ni miguu ya nani. Lakini shingoni mwake kulikuwa na pumzi ya Mehnaz, ile ile ya tangu utotoni, na yeye hakuwa na nguvu ya kwenda kumtafuta Mehnaz mwingine. Akavua shali, akaifunika ile miguu, akasimama.

"Alhamdulillahi!" Sajawal alipiga kelele walipofika kibandani. "Mshushe basi, Ami, utavunjika mgongo!"

"Kachoka," alisema Gulfaraz.

"Nimpokee mimi, basi."

"Nimesema kachoka. Usimguse."

Akakipita kibanda, akashika njia ya nyumbani, ameikumbatia shali kwa mikono miwili ili miguu ile isiguse ardhi.