Mafundo Mawili Kwenye Utepe wa Pinki

— Bi Yelland, mwaka tisini na nne uliwahi kukaa Margate wiki sita?

Aliyeuliza ni wakili Adrian Thwaite, kasimama na wigi lake la manyoya ya farasi na joho jeusi, sauti ya upole kama mtu anayemuuliza bibi yake chai imekolea sukari. Bibi wa watu kule kizimbani, miaka sabini na nane, akashika ukingo wa mbao. Akageuza shingo taratibu, akamtazama wakili wake mwenyewe, Imogen Pascoe.

Na Imogen, aliposikia hiyo Margate, kalamu ilimtoka mkononi ikabingirika mpaka chini ya meza.

Maana habari ya Margate ilikuwa ya watu wawili tu duniani. Bi Winifred Yelland alimwambia Imogen faraghani, mlango umefungwa, huku anafinyafinya kitambaa mkononi. Kaka aliyemfukuza kashakufa. Rafiki aliyempokea kule pwani naye kashakufa. Imogen aliiandika mara moja tu, kwenye waraka wa siri wa ushauri wa kesi, akaufunga kwa utepe wa pinki kama mawakili wa London wanavyofunga makaratasi yao.

— Nilikaa, bibi akasema.

— Uliondoka nyumbani kwa sababu kaka yako alikuambia nini?

— Aliniambia nitoke. Alisema nyumba si yangu na haitakuwa yangu.

— Na ulirudi ukilijua hilo.

— Nilirudi kwa sababu alinipigia simu analia. Hata yai alikuwa hajui kuchemsha.

— Hilo la yai sijakuuliza, bibi.

Ngoja turudi nyuma kidogo, maana huyu anayeuliza maswali haya ndiye mchumba wa Imogen. Ndiyo, mchumba kabisa, kanisa limeshapangwa, Juni.

Walikutana Lincoln's Inn, mtaa wa mawakili kule London, katika ofisi moja, wote kazi yao ni urithi, nyumba, na mali ambayo mtu kapewa amtunzie mwingine. Adrian aliingia ofisini siku moja tu baada ya Imogen. Asubuhi ile alinyoosha mkono kumsalimia, Imogen akaucheka ule mkono.

— Hapa hatushikani mikono, ndugu yangu.

— Kwani mna nini, upele?

— Mawakili wa wigi hatupeani mikono sisi kwa sisi. Mkono ni wa mgeni, umhakikishie hujashika kisu. Sisi tunaaminiana bila kukaguana.

— Na busu je?

— Busu sheria haijalitaja.

Basi likaja hilo ambalo halijatajwa, ikapita miaka minne, wakapanga nyumba pamoja Walthamstow, wakagombania blanketi kama watu wengine wote.

Halafu ikaja kesi ya Bi Yelland. Bibi huyu alimtunza kaka yake miaka thelathini na moja kwenye nyumba yao kule Faversham, na kaka kila Krismasi anamwambia, Win, hapa ni kwako nikifa. Alipokufa, wosia ukasema nyumba ni ya mpwa wao. Bibi akashitaki, anaidai ile ahadi ya kila Krismasi, kesi akapewa Imogen. Mpwa naye akahitaji wakili, ikamwangukia Adrian. Na wakili wa wigi hachagui. Ni kama teksi kwenye foleni, abiria akifika mbele yako unampakia. Wateja wote wawili waliambiwa kwamba hawa ni wachumba, wote wakakubali kwa maandishi. Bi Yelland ndiye aliyecheka zaidi.

— Wewe mwanangu una uso wa mtu asiyepiga soga, alimwambia Imogen. Mpende umpendaye.

Nyumbani wakawekeana sharti. Kesi isivuke kizingiti. Wakila samaki wanaongea samaki.

Sasa pale ofisini makaratasi hupitia kwa karani mkuu, Len Pledger, mzee wa miaka arobaini kazini, na yeye huyatia kwenye vijumba vya mbao ukutani. Vijumba vile havifuati herufi za majina. Vinafuata nani katangulia kuingia ofisini. Kwa hiyo kijumba cha Imogen na cha Adrian vimebanana kama meno. Jumatatu moja waraka wa siri wa Imogen ulipotea. Jumatano ukaonekana kijumbani mwake, umetulia, ila utepe una mafundo mawili. Imogen hufunga fundo moja la kipepeo, anavuta tu linafunguka.

— Len, wewe ndiye umenifungia hivi? Nimetumia meno.

— Mimi vidole hivi, Bi Pascoe? Vya baridi yabisi? Labda ulifunga mwenyewe ukiwa na njaa.

Wakacheka, likaisha.

Ndiyo hilo lililomrudia pale mahakamani. Saa saba kamili jaji, mama mmoja mkavu wa maneno, aliahirisha kwa chakula cha mchana. Akamgeukia Bi Yelland.

— Wewe bado ni shahidi chini ya kiapo. Mpaka tutakaporudi huruhusiwi kuzungumza na mtu yeyote kuhusu kesi hii, hata na wakili wako.

Bibi akaitikia kwa kichwa.

Imogen alipotoka alimkuta kwenye benchi la ukumbini, koti limefungwa mpaka shingoni, sandwichi ya yai mapajani haijaguswa. Bibi akainua macho. Macho yale hayakuwa na hasira, na afadhali yangekuwa nayo. Yalikuwa yanauliza kitu kimoja tu, na Imogen alikuwa na jibu mdomoni, maneno mawili, sijamwambia mimi. Sheria inamkataza. Akampita kama anayempita mtu asiyemjua kituoni.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Adrian:

"Najua umenuna. Ni kazi tu mpenzi. Nikununulie supu?"

Akajibu: "Njoo chumba cha tatu. Sasa."

Adrian aliingia na makaratasi kwapani. Utepe wa pinki, mafundo mawili.

— Huo utepe umefunga wewe?

— Eh. Mama alinifundisha kufunga viatu hivi nisianguke. Vipi?

Imogen akautazama utepe, akamtazama yeye. Adrian akafuata macho yake, na uso ukamshuka taratibu.

— Imo, sikuutafuta. Ulikuwa kijumbani mwangu. Nilifungua nikidhani ni wangu.

— Ukaona jina la Yelland.

— Nikaona.

— Ukafunga.

— Nikafunga. Baada ya ukurasa wa tatu.

— Margate iko ukurasa wa tatu.

Nje mtu alipita anakokota kigari cha mafaili.

— Nilikuwa nashindwa, Adrian akasema. Unajua wananiitaje ofisini? Mchumba wa Pascoe. Miaka minne. Nilitaka mara moja tu nishinde mbele yako.

— Ungeniambia nyumbani.

— Tulisema kesi isivuke kizingiti.

— Usinitegee maneno yangu, Adrian. Unajua yule bibi anafikiria nini pale nje? Anafikiria nilikuambia kitandani.

Adrian akakaa, kavua wigi kalishika kwa mikono miwili.

— Unataka nini?

— Saa nane ukisimama, mwambie jaji.

— Watanivua joho. Moja kwa moja, unajua.

— Najua.

— Na Juni?

Imogen akautazama tena ule utepe.

— Ukisema mwenyewe, Juni ipo pale pale. Nitaolewa na mtu asiye na kazi, tutakula viazi. Lakini siolewi na mtu aliyemwacha yule mama kwenye benchi.

— Kweli Imo?

— Kweli.

Akamshika shavu. Akatoka zake.

Saa nane. Bibi kapandishwa kizimbani. Jaji kaweka miwani.

— Bwana Thwaite, endelea.

Adrian akasimama. Akamtazama mpwa aliyekaa nyuma yake na mikono kakunja. Akamtazama Imogen, na Imogen akamwitikia kwa kichwa kidogo, vile unavyomtia moyo mtoto anayejifunza kuogelea. Adrian akafungua mafundo yake mawili, la kwanza, la pili, akageuza karatasi.

— Bi Yelland, akasema, turudi Margate.

Imogen hakumbuki alivyosimama. Ila alisimama.

— Mheshimiwa Jaji, nasikitika kumkatiza msomi mwenzangu. Kuna jambo lazima mahakama ilijue, na naomba shahidi atolewe nje kwanza.

Akalisema lote, sauti haikutetemeka. Kijumba, utepe, ukurasa wa tatu. Jaji akauliza swali moja.

— Bwana Thwaite, ni kweli?

— Ni kweli, Mheshimiwa.

Kesi ikavunjwa siku ile. Imogen akajitoa, maana sasa yeye mwenyewe ni shahidi wa jambo lile. Bi Yelland akapewa wakili mwingine, lakini maji yalishamwagika. Mpwa alishaijua Margate, na jambo ukishalijua hulisahau kwa amri ya jaji. Wakapatana nje ya mahakama, nyumba ikauzwa. Februari ikaja barua, mwandiko wa kupinda:

"Mpendwa Bi Pascoe, nimeelezwa kwamba hukusema. Nimefurahi. Sasa nina chumba hapa Deal, dirisha linaangalia ukuta. Saa ile moja kwenye benchi niliamini kwamba ulisema, na nilikuchukia. Nimejaribu kuitoa saa ile, haitoki. Nisamehe. W. Yelland."

Imogen aliiweka kwenye droo ya jikoni, pamoja na kadi za mwaliko ambazo hazikutumwa.

Adrian walimwondoa kwenye orodha ya mawakili masika. Alikuja ofisini asubuhi moja ya mvua kuchukua vitabu vyake. Len Pledger alimbebea boksi mpaka ngazi za nje bila neno. Imogen alikuwa anapanda, mwavuli unachuruzika.

— Imo.

— Adrian.

— Nimepata kazi Leeds. Nafundisha jioni.

— Vizuri.

— Nilisimama pale nikitaka kusema. Mdomo ukasema kingine. Wallahi sijui kwa nini.

— Najua ulitaka.

Adrian akasubiri, labda kakumbuka busu ambalo sheria haijalitaja. Imogen akahamishia mwavuli mkono wa kushoto. Akanyoosha wa kulia.

Adrian aliutazama ule mkono muda mrefu, mvua inampiga kichwani. Kisha akaushika, kama mgeni.